Gitaa la Upande wa Kushoto

Jumatatu moja niliamka nikakuta sikio langu la kushoto limekufa. Halikuuma. Lingeuma ningelishughulikia. Lilinyamaza tu, kama mtu aliyenuna, na mahali pa sauti pakabaki mlio mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka.

Nikadhani ni uchafu, nikasafisha. Nikadhani ni mafua, nikajifukiza. Jumatano nikaacha kudhani, nikaanza kuogopa, na mimi nikiogopa huwa nafanya kazi. Angekuwa binti yangu ndiye aliyeamka hivyo, ningemfikisha hospitali kabla chai haijapoa. Kwangu mwenyewe nilipata sababu tisa, moja kwa kila siku.

Sababu ya kweli ilikuwa moja tu. Masikio ndiyo kazi yangu. Mimi ni fundi sauti. Wanamuziki wanapiga ndani ya chumba, mimi nakaa nyuma ya kioo na kuamua nani asikike kiasi gani. Miaka kumi na minane nimeifanya, nimemlea mtoto kwayo baada ya baba yake kuondoka, na sijawahi kurudishiwa kazi. Ndiyo maana studio nzima inaniita Mama Mizani. Sasa fundi sauti wa sikio moja ni kama kinyozi mwenye mkono unaotetemeka. Utamsalimia, utamwonea huruma, lakini kichwa chako humpi.

Tena likanifia katikati ya kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa. Albamu iliitwa Mbao na Moto. Vipande saba vya muziki wa roki, hakuna aliyeimba hata neno moja. Gitaa kavu, fidla na filimbi vilikuwa mbao. Gitaa la umeme, besi na kinanda vilikuwa moto. Midundo inageuka katikati ya njia bila kukuaga, kipande kinaanza kama mtu anayembembeleza mtoto na kuishia kama nyumba inayobomolewa. Cha mwisho kina dakika ishirini na moja. Aliyeitunga yote ni mwanamume tunayemwita Umeme, kwa sababu ya gitaa lake, na huyo Umeme ndiye ninayempenda.

Mimi ndiye niliyependekeza jinsi albamu itakavyosikika. "Mbao tuziweke kushoto, moto kulia," nilimwambia siku ya kwanza. "Mtu akivaa hedifoni, asikie gitaa kavu linauliza sikio hili, la umeme linajibu sikio la pili."

Umeme aliruka kutoka kwenye kiti. "Hiyo ndiyo, Mizani! Hiyo hiyo!"

Mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza sikio.

Siku ya tisa, mezani asubuhi, binti yangu aliweka kijiko chini akanitazama. Ana miaka kumi na minne na macho ya mpelelezi.

"Mama, kwa nini siku hizi unakaa kiti changu?"

"Kiti ni kiti. Kula."

"Hapana. Ulikuwa unakaa pale. Sasa unakaa hapa ili niwe mkono wako wa kulia. Na simu umehamisha sikio. Na jana nilikuita kutoka jikoni ukaangalia mlangoni."

"Nimechoka tu."

"Mimi nikikudanganya hivyo unanichapa kwa maneno siku tatu."

"Basi nichape jioni. Utachelewa shule."

Alichukua mkoba. Mlangoni akageuka, akasema kwa sauti iliyopungua, "Anko Umeme anajua?"

Nikaanza kukusanya vyombo. Hilo lilimtosha.

Studioni nilifika wa kwanza. Niliwasha mitambo, nikafungua kipande cha mwisho, nikaanza kufanya nilichokuwa nikifanya kwa siku nane: kukisia. Upande wa kulia niliusikia vizuri. Upande wa kushoto niliukumbuka tu; kuugeuzia sikio zima kungekuwa kukiri. Na kwa kuwa niliogopa gitaa kavu lisije likapotea bila mimi kujua, nililipandisha kidogo. Kesho yake niliogopa tena, nikalipandisha tena. Mwoga hupima nguo mara mia akaikata kubwa.

Nilikuwa nimeinama hivyo nilipohisi kivuli. Nikageuka. Dada yake Umeme alikuwa amesimama begani kwangu, upande wa kushoto, mkoba umebanwa kwapani. Ni mwalimu wa hesabu, na ndiye aliyemlea Umeme tangu mama yao afariki. Uso wake haukuwa wa mtu aliyefika sasa hivi.

"Nimekusalimia mara tatu," alisema.

"Samahani sana, wifi. Nilikuwa nimezama kazini."

"Uwifi bado haujatoka. Mimi ni dada yake, basi."

"Karibu kiti, dada."

"Sikai, nina kipindi saa tano." Akauweka mkoba juu ya meza yangu hata hivyo. "Mdogo wangu ameniambia albamu ikitoka anataka niende kwenu nikazungumze na wazee wako. Nimeona nije nikwambie mapema, usoni, usije ukasema nilikusengenya. Wewe una miaka arobaini na mmoja. Yeye thelathini na minne. Una binti anayekaribia kukufikia bega. Nimepiga hesabu."

"Zimetoka ngapi?"

"Zimetoka vibaya."

Ningekuwa mzima ningemjibu. Nina ulimi, Mungu anajua. Lakini nilikuwa nimeshughulika kugeuza kiti taratibu ili sikio langu la kulia limwelekee, nisipoteze neno la pili.

"Mtoto si kosa," aliendelea. "Umri nao ningeumeza. Lakini mdogo wangu anaishi kwa masikio. Ndani ya nyumba anahitaji mtu wa kumsikiliza. Mtu anayesalimiwa mara tatu na mkubwa wake akakaa kimya kama gogo, kesho mwenzake akiugua atamsikia?"

Nilifungua mdomo. Nikaona jinsi ambavyo ningesema, na jinsi ambavyo mwalimu angeongeza mstari chini ya hesabu zake: ana miaka mingi, ana mtoto, na sasa kiziwi. Nikaufunga.

"Umesikia niliyosema?"

"Nimesikia, dada."

"Haya." Alichukua mkoba. "Angalau hilo."

Alipotoka mikono yangu ilikuwa ya baridi. Nilijikuta nimeikalia kama mtoto wa shule.

Kabla haijapata joto, akaingia Seremala. Huyu ni mpiga gitaa kavu wetu. Tunamwita Seremala kwa sababu kazi yake ni mbao na kwa sababu hajui kupigilia hata msumari. Ni kijana mtanashati, hajaoa, anajua anavyopendeza na hafichi.

"Shemeji!" alisema, mikono ameitandaza. "Shemeji wangu wa dhahabu, umenipandisha cheo!"

"Cheo gani tena?"

"Umeme alitugawia nakala ya kazi yako juzi. Nimeisikiliza njia nzima. Kusema kweli nilizoea kusikika kama chumvi kwenye mboga, ipo lakini haionekani. Sasa mimi ndiye mboga! Hata kucha zangu zikikwaruza nyuzi nazisikia. Kuna mahali nimevuta pumzi, shem, nikajisikia navuta pumzi!"

Alicheka. Mimi nilirudisha macho mezani. Kama alisikia pumzi yake mwenyewe, basi sikuwa nimekosea kidogo. Nilikuwa nimekosea kama mtu aliyejenga ukuta kwa kuangalia upande mmoja.

"Seremala," sauti ilisema mlangoni. "Tupishe kidogo."

Umeme alikuwa pale, na sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Hakuwa amenyoa. Macho yake, ambayo kwa kawaida huingia chumbani kabla ya miguu yake na kunitafuta, yalikuwa yanaangalia sakafu.

"Bosi, ndiyo kwanza nafika..."

"Tupishe, nimesema."

Seremala alinitazama, akamtazama, akalichukua gitaa lake akatoka kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua.

Umeme alifunga mlango. Yeye akikasirika hapandishi sauti, anaishusha. Wanawake wengi wangeona hiyo ni bahati. Kwangu siku hiyo ilikuwa mateso, kwa sababu alianza kutembea nyuma yangu, kushoto, kulia, kushoto, na kila alipofika kushoto maneno yake yalizimika kama taa yenye waya uliokatika. Nikawa nazungusha kiti kumfuata.

"Mbona unanizunguka?" aliuliza. "Nikija huku unageuka, nikija huku unageuka. Hutaki hata kunitazama?"

"Simama basi mahali pamoja. Nakutazama."

Alisimama. Mbele yangu, namshukuru Mungu.

"Fungua kipande cha mwisho. Dakika ya kumi na nne."

"Umeme, bado sijamaliza..."

"Fungua."

Nilifungua. Spika zikajaa. Dakika ya kumi na nne ndiyo kiini cha albamu yote. Ngoma zinakoma, fidla inakoma, gitaa kavu linabaki kama pumzi ya mtu aliyelala, na gitaa la umeme linapanda peke yake dakika mbili nzima. Ndivyo lilivyotungwa. Alichosikia Umeme ni gitaa kavu limesimama mlangoni limeweka mikono kiunoni, na nyuma yake, mbali, kitu kinalia.

"Mimi ni nani hapo?" alisema Umeme. "Nasikika kama jirani anayejifunza gitaa nyumba ya tatu."

"Nitarekebisha."

"Sikuja kwa ajili ya kurekebisha." Alinyamazisha muziki kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kufanya kwenye meza yangu. "Unakumbuka siku niliyopiga hapo?"

Nilikumbuka. Alirudia mara kumi na moja. Kila mara ilikuwa nzuri, na kila mara alitikisa kichwa kuomba tena.

"Nilikuwa nakutazama kupitia hicho kioo," alisema. "Mara zote kumi na moja. Wewe ulikuwa umeinamia meza. Nilijiambia, siku atakayoinua kichwa ndiyo nitakayoikubali. Mara ya kumi na moja ukainua. Mizani, watu wananiuliza kwa nini albamu haina maneno. Haina kwa sababu mimi ni mwoga. Nilitaka kukuomba nikuoe na mdomo ukakataa, nikaombea pale. Dakika mbili. Na wewe umezichukua, umezishusha chini, halafu juu yake umemweka Seremala."

Nilikitazama kile kioo.

"Ningekuwa na fundi mwingine ningesema amekosea," aliendelea. "Lakini mkono wako naujua. Miaka kumi na minane hujawahi kukosea. Hausukumi kitu hata unywele bila sababu. Basi hukukosea." Sauti ikashuka tena. Nilijipinda mbele kuidaka. "Tangu lini, wewe na Seremala?"

Nitasema jambo la aibu sasa. Nililipima. Mimi ni mtu wa mizani, na hata hapo nilipima. Nikisema ndiyo, ni Seremala, nitampoteza Umeme, lakini habari za sikio hazitatoka chumbani humu. Kazi itabaki. Ada ya binti italipwa. Nikisema kweli, naweza kupoteza kazi leo na mwanamume kesho, dada yake akishamaliza kuongeza mstari wake. Uongo ulikuwa na hasara moja, ukweli mbili. Mtu wa vitendo angechagua uongo.

Umeme alisubiri. Kisha akainama, akachomoa diski yenye kazi yote ya albamu, akaitia mfukoni.

"Nitampelekea fundi mwingine," alisema. "Sitakusema vibaya popote. Nitasema ulichoka."

Alifika mlangoni. Aliweka mkono kwenye kitasa. Nikaona mgongo wake, shati limejikunja mabegani kwa sababu alilala nalo, na nikaelewa kwamba huyu mtu ameteseka siku mbili kwa kosa la sikio langu, na atateseka mwaka mzima, na atamchukia rafiki yake, yote ili mimi nisione haya.

"Rudi," nilisema. "Simama hapa. Upande wangu wa kushoto."

"Ili iweje?"

"Simama, nimesema! Kwa nini wanaume hamwezi kufanya kitu kabla hamjaelezwa?"

Alirudi. Alisimama. Niligeuza uso nikaangalia ukuta, nikaziba sikio la kulia kwa kiganja, nikabonyeza mpaka likauma.

"Sasa niambie kitu. Chochote. Kwa sauti ya kawaida."

Birika lililia ndani ya kichwa changu. Nilihesabu vigae vya ukutani, nikafika kumi na sita. Harufu ya sabuni yake niliipata, joto la mwili wake nililipata. Sauti yake hapana. Nikageuka. Midomo yake ilikuwa bado inatembea. Iliposimama nikaondoa kiganja.

"Umesema nini?"

Rangi ilikuwa imemtoka.

"Umeme. Umesema nini?"

"Nimesema nenda zako na Seremala wako." Alisogea hatua moja. "Halafu nimesema ni uongo, usiende. Halafu nikaona hugeuki, nikakuita. Nimekuita kwa sauti, Mizani."

"Sikusikia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Gitaa kavu sikulipandisha kwa sababu ya Seremala. Nililipandisha kwa sababu silisikii. Limekaa upande uliokufa. Nimekuwa nikikisia."

Alikaa sakafuni, hakutafuta hata kiti, akajifunika uso. Nilijiandaa. Nilijua atasema nini: pole, itakuwaje kuhusu albamu, acha nifikirie. Maneno laini yanayofunga mlango taratibu.

"Tangu lini?" aliuliza kutoka nyuma ya viganja.

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

Viganja vikashuka. "Siku tisa?"

"Siku tisa."

"Siku tisa!" Hapo ndipo niliposikia sauti ya Umeme ikipanda kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Mtoto akikohoa mara mbili unampeleka kwa daktari! Mimi nikijikata kidole unanifunga bandeji kama maiti! Siku tisa umekaa na hili peke yako, unanitazama machoni, unaniambia 'leo gitaa lako limetulia vizuri'? Nimekesha nikipanga jinsi ya kumvunja Seremala vidole!"

"Ungevunja tungepata wapi mpiga gitaa mwingine?"

"Usinichekeshe!"

"Sikuchekeshi. Naogopa."

Neno hilo lilitoka dogo. Sijalizoea. Mimi ndiye ninayewaambia wengine wasiogope. Umeme aliinuka, akaja, akazunguka kiti changu kutoka upande mmoja hadi mwingine, makusudi sasa, akapiga magoti upande wa kulia.

"Unaogopa nini? Sema vyote."

"Nikipoteza sikio napoteza kazi. Nikipoteza kazi sina cha kumlishia mtoto. Dada yako alikuwa hapa asubuhi, alinisalimia mara tatu nikamkalia kimya. Hesabu zake zilikuwa mbaya kabla ya hili. Na wewe..." Nikaanza upya. "Wewe unataka mke wa sikio moja? Jibu kama mtu mzima. Usinionee huruma."

"Dada yangu ana mawili, na hajawahi kunisikiliza."

Nilicheka. Kicheko kikageuka katikati, kama muziki wake, na machozi yakaja bila kuaga. Alinishika kichwa, akaweka shavu lake upande wa kushoto, kwenye sikio lile bovu, na nikahisi taya lake linatembea. Alikuwa anasema kitu. Sikumwuliza ni nini, na mpaka leo hajaniambia.

Kisha akainuka, akatoa simu.

"Unampigia nani?"

"Hospitali. Wewe ungejipa sababu ya kumi."

Nilimtazama akizungumza. Aliwaeleza vizuri: ghafla, bila maumivu, mlio, upande mmoja. Kisha akasema "tisa," na baada ya hapo akawa anasikiliza tu. Mkono wake ulienda kwenye meza ukashika ukingo.

"Wamesema nini?"

"Twende sasa hivi."

"Wamesema nini, Umeme?"

"Nilipotaja siku, aliyepokea aliniuliza mara mbili. Kisha akasema masikio ya namna hii hayasubiri, tusingoje kesho. Chukua mkoba."

Nje tulimkuta Seremala ameketi kwenye ngazi, amelikumbatia gitaa lake. Alisimama haraka.

"Shem, kama ni yale niliyosema kuhusu cheo, mimi nakubali kurudi kuwa chumvi."

Umeme alimkumbatia. Seremala alibaki mikono hewani, hajui amefanya jema gani. Hatukuwa na muda wa kumweleza.

Daktari alikuwa mwanamke wa rika langu, asiyepamba maneno, nikampenda kwa hilo na kumwogopa kwa hilo hilo. Alichungulia sikio kwa taa, akasema ndani ni safi, na kwamba angefurahi zaidi kama angekuta uchafu.

"Kuna wanaorudishiwa sikio lote, kuna wanaorudishiwa nusu, kuna wasiorudishiwa," alisema. "Dawa nitakuanzishia leo. Ungekuja siku ya pili ningekupa matumaini mengi. Siku ya tisa nakupa machache. Kwanza tupime tujue kimebaki nini."

"Kama hakijabaki kitu?" niliuliza.

"Tutajua baada ya kupima."

Umeme aliuliza kama anaweza kukaa na mimi. Hapana, alisema daktari, lakini anaweza kusimama nje ya kioo.

Chumba cha kupimia kilikuwa kidogo kama kabati, kuta zimefunikwa sponji, mlango mzito. Nilikijua kabla sijaingia. Nimewafungia wanamuziki katika vyumba kama hicho miaka kumi na minane, na kuwaambia kwa sauti ya upole watulie, wasiogope, wapige tu. Sasa nilikaa mimi kwenye kistuli. Mpimaji, kijana mwenye miwani, alinivalisha hedifoni akanipa kitufe.

"Ukisikia mlio, hata mdogo kiasi gani, bonyeza. Usiposikia, usibonyeze. Tunaanza na sikio la kulia."

Mlango ulifungwa. Mlio wa kwanza ukaja, nikabonyeza. Mwingine mwembamba zaidi, nikabonyeza. Mwingine mdogo kama sindano inayodondoka kwenye zulia, nikabonyeza. Umeme, nje ya kioo, alitabasamu kila kidole changu kilipotembea, kama mzazi anayemwangalia mtoto akisoma mbele ya darasa. Nami nikagundua jambo. Kabla ya kila mlio, kiwiko cha yule mpimaji kiliinuka kidogo. Hakujua. Mtu mwingine asingeona. Mimi kazi yangu ni kuwatazama watu kupitia kioo.

Mpimaji alionyesha kwa kidole upande wa kushoto.

Kiwiko kikainuka. Kimya. Birika tu.

Kikainuka tena. Kimya.

Mara ya tatu. Mara ya nne. Umeme alikuwa bado ametabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limebaki mdomoni peke yake, macho yameshaondoka. Mara ya tano alishika shingo yake kwa mikono miwili. Alikuwa anakiangalia kidole changu. Hakikuwa kinatembea na yeye alikuwa anakiomba, nilimwona anakiomba, kitembee mara moja tu.

Ningeweza. Kiwiko kingeinuka, ningebonyeza, naye angepumua. Daktari angeandika kuna kitu kimebaki. Dada mtu angeambiwa si vibaya sana. Ningetoka humo nikiwa na sikio la kwenye karatasi. Kidole gumba changu kilikuwa na jasho, na kitufe kilikuwa laini, hakikuhitaji nguvu yoyote.

Kiwiko kikaanza kuinuka.

Nikafumba macho. Giza likaja, na Umeme akapotelea ndani yake, na kiwiko, na kioo. Nilibaki na hofu yangu na mlio wa birika. Nikasubiri nisikie kweli, kidole juu ya kitufe, bila kukibonyeza.